Kabadilishiwa dawa ya akili, sasa miguu haitulii: hesabu siku kabla ya kuilaumu tembe mpya

Dada, poleni kwa mikesha. Narudia kwa ufupi ulichoeleza ili na wengine waelewe jibu linahusu nini. Mdogo wako wa kiume ana miaka 26, mko Newala. Kwa miaka miwili alikuwa anachomwa sindano ya mwezi ya flufenazini, 25 mg, na kila asubuhi anameza benzeksoli, ile ambayo wengi wanaiita Artane. Kwa kuwa alikuwa anakakamaa na kutokwa udenda, akabadilishiwa olanzapini 10 mg usiku. Umegusia pia kwamba anavuta sigara. Sindano ya mwisho alichomwa siku 9 kabla ya mabadiliko, na Artane ikasimamishwa siku ileile aliyoanza tembe mpya. Leo ni siku ya 12. Mikono inatetemeka, hawezi kukaa mkekani hata chakula kiishe, anazunguka uani. Asubuhi haamki mpaka saa 5, na akiamka ugali haumtoshi. Mama anataka tembe zitupwe, mjomba anataka arudishiwe sindano. Unauliza nani yuko sahihi.

Kwa siku ulizozitaja, msitupe tembe wala msikimbilie sindano. Hapo kuna matatizo ya aina mbili, na kila aina ina dawa yake iliyoyaleta. Usingizi na njaa vinatoka kwenye olanzapini. Kutetemeka na miguu kutotulia kunaelekea zaidi kuwa mkia wa sindano ya zamani. Mkitupa tembe, mkia wa sindano utabaki palepale na ugonjwa wenyewe utakosa dawa. Mkirudisha sindano, mnaongeza kilekile kinachomkakamaza.

Sindano ile imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta, ufuta huuhuu unaolimwa Lindi. Ikichomwa kwenye nyama ya tako, mafuta yanakaa pale na kuachia dawa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kwa mtu aliyechomwa kwa muda mrefu, kiasi kilichomo mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya wiki 2 hivi. Hesabu basi: siku 9 kabla ya mabadiliko, jumlisha siku 12 za tembe, ni siku 21 tangu achomwe. Zaidi ya theluthi ya dawa ile bado imo mwilini. Itachukua wiki 8 hadi 10 tangu sindano ya mwisho ndipo useme imekwisha. Kwa hiyo mdogo wako hivi sasa hatumii dawa moja, anatumia mbili, hata kama anameza tembe moja tu.

Artane nayo ndiyo iliyokuwa inazuia kukakamaa na kutetemeka, na yenyewe hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili. Ikisimamishwa siku ileile, kinga inaondoka na kinachokingwa kinabaki. Ni sawa na kuezua makuti ya nyumba katikati ya mvua za Machi kwa sababu kiangazi kimekaribia. Kosa hili linatokea mara nyingi sana, na si la ubaya: olanzapini haikakamazi sana, kwa hiyo anayeandika dawa anaona Artane haina kazi tena. Itakosa kazi kweli, lakini baada ya mafuta yale kuisha.

Ombi la kwanza kwa daktari basi ni hili: je, arudishiwe benzeksoli kwa wiki 6 hadi 8, kisha ipunguzwe taratibu? Tembe zake zipo za 2 mg na za 5 mg, someni pakiti, msihesabu tembe tu. Wengi huanza na 2 mg asubuhi na 2 mg mchana. Isitolewe jioni, maana inachangamsha na kufukuza usingizi. Ina maudhi yake: mdomo kukauka, macho kuona ukungu kwa vitu vya karibu, choo kigumu, na kwa wazee mkojo kugoma na akili kuchanganyikiwa. Mwenye presha ya macho asipewe bila daktari kujua. Na zitunzeni nyinyi wenyewe, kwa sababu kuna vijana wanazitafuta kwa ajili ya kulewa.

Sasa miguu. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika maelezo yako, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote, na ndilo linaloweza kuua. Kutotulia huku wataalamu wanakuita akathizia. Mgonjwa anahisi kitu kinamsukuma kutoka ndani, hasa miguuni, na akitembea anapata nafuu ya dakika chache. Akisimama anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Akikaa anakunja na kukunjua miguu. Akipata usingizi, inatulia. Ndugu wakiona wanasema ugonjwa umerudi, wanampeleka, anaongezewa dawa ileile ya kukakamaza, miguu inazidi, wanasema ugonjwa umekuwa mkali, anaongezewa tena. Nenda uvunje mzunguko huo mapema.

Namna ya kutofautisha ni kumuuliza yeye mwenyewe, kwa upole, mkiwa wawili tu: “Hiki kinachokusumbua kiko kichwani au miguuni? Ukitembea kinapungua?” Mwenye akathizia atakuambia miguuni, au mwili mzima, na kwamba anatamani kukaa ila hawezi. Ugonjwa ukirudi, kwa kawaida utaona vitu vingine: anazungumza na asiyeonekana, anawashuku watu wa nyumbani, anasema majirani wanamteta, hataki kula kwa kuogopa sumu. Vyote viwili vinaweza kuwepo kwa pamoja, ndiyo maana majibu yake yaandikwe, yasibaki kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja.

Halafu muulize bila kuzunguka kama mateso haya yamemfanya atamani kufa. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Watu wenye akathizia kali wamejiua wakiwa hawana hamu ya kufa hata kidogo, walichotaka ni mateso yaishe. Huku kwetu karibu kila nyumba ya mkulima ina viuatilifu vya mikorosho. Leo hii, kabla ya kitu kingine, viuatilifu vikafungiwe kwa jirani, pamoja na tembe zote za nyumbani. Akisema ndiyo, asilale peke yake, na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Tiba ya akathizia ni kupunguza dawa inayoileta, na hapa inajipunguza yenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Kati ya sasa na wakati huo, daktari anaweza kumwandikia propranololi, dawa ya presha na mapigo ya moyo, kwa kawaida ikianzia 10 mg mara 2 au 3 kwa siku. Artane inasaidia kutetemeka, kukaza na udenda. Kwa miguu ya namna hii msaada wake ni mdogo, kwa hiyo msikate tamaa mkiona mikono imetulia na miguu bado. Propranololi haimfai mwenye pumu, hata kama pumu ilimwacha utotoni. Mapigo ya moyo yakiwa chini ya 60 kwa dakika, au presha ikiwa ya chini, ni lazima ajue anayeandika dawa, hasa kwa kuwa olanzapini nayo inashusha presha. Msiinunue dukani kwa kukisia.

Niseme pia kwamba olanzapini yenyewe inaweza kuleta akathizia, ingawa ni kwa nadra kuliko dawa za zamani. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu siku. Miguu ikizidi kutulia kuanzia wiki ya 6 tangu sindano, ulikuwa mkia wa sindano. Ikibaki vilevile mpaka wiki ya 10, au ikizidi kila tembe inapoongezwa, basi tembe nayo ichunguzwe.

Chukua daftari la shule la kurasa 40. Kila siku mstari mmoja, uandikwe na mtu mmoja, jioni. Kwa mfano:

Jumatatu. Siku ya 12 ya tembe, ya 21 tangu sindano. Tembe saa 4 usiku. Kalala saa 5. Kaamka saa 5 asubuhi. Miguu 3. Mikono 2. Choo hapana. Sauti hapana. Sigara 6.

Miguu na mikono mpe alama 0 hadi 3: 0 hakuna, 1 ipo ila haimzuii kitu, 2 inamzuia kazi, 3 haiwezekani kukaa chakula kiishe. “Sauti” ni kama anasikia au anazungumza na wasioonekana. Daktari ana dakika chache kwa kila mgonjwa. Ukimwambia “hatulii”, atasikia maneno aliyoyasikia mara 20 asubuhi hiyo. Ukimfungulia daftari akaona alama 3 siku 10 mfululizo na “sauti hapana” siku zote 10, anajua afanye nini kabla hujakaa. Beba na pakiti zote, hata zilizokwisha, na kadi yenye tarehe ya sindano ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo muhimu kuliko karatasi nyingine zote.

Usingizi wa asubuhi una dawa rahisi, na naona hamjaambiwa. Olanzapini hufikia kilele chake mwilini baada ya saa 6 hivi tangu kumezwa. Akimeza saa 4 usiku, kilele ni saa 10 alfajiri, na hapo ndipo mnapotaka kumwamsha. Mpeni saa 1 au saa 1:30 usiku, kilele kiwe katikati ya usiku. Isogezeni kwa nusu saa kila siku mpaka mfike hapo. Inaweza kumezwa na chakula au bila chakula. Wengi usingizi hupungua ndani ya wiki 2 hadi 3. Ukibaki ule ule baada ya mwezi na amemeza mapema, ulizeni kuhusu kupunguza dozi. Msikate tembe nusu kwa uamuzi wenu kwa sababu tu Jumamosi kuna shughuli.

Katika wiki hizi za mwanzo asiendeshe pikipiki, asipande mkorosho wala mnazi, asiende baharini peke yake. Akiamka usiku kwenda choo cha uani, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Presha inashuka ghafla anaposimama, na wengi wameanguka mlangoni usiku. Kwa wiki hizi ndoo ndani ya chumba ni salama kuliko choo cha nje. Mwelezeni vizuri asione amedharauliwa.

Njaa ni jambo zito zaidi ya linavyoonekana, kwa sababu mtu aliyekonda akianza kunenepa nyumba nzima hufurahi. Njaa hii si ya tumbo. Dawa inazima ile hali ya kusikia nimeshiba, kwa hiyo kumwambia ajizuie hakusaidii kitu. Badilisheni namna ya kupakua. Kwenye sinia la pamoja hakuna anayejua amekula kiasi gani, kwa hiyo mpakulieni sahani yake, na ikiwezekana wengine nao wapakuliwe zao ili asijione ametengwa. Mboga na mbaazi au kunde vitangulie, ugali ufuate. Kisamvu sawa, ila nazi isiwe tui zito kila siku. Chai isiwe na sukari, au ipunguzwe kijiko kimoja kila wiki. Soda ndiyo adui mkubwa: chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai 8 hadi 9. Msimu wa mabibo, ale mabibo yenyewe mawili matatu, asinywe jagi la juisi yake. Na matembezi ya nusu saa kila siku, jua likiwa limepungua, yatamsaidia uzito na miguu ile ile isiyotulia.

Mpimeni uzito sasa, kabla mwezi haujaisha. Zahanati ina mizani ya watu wazima. Kisha kila mwezi kwa miezi 3 ya mwanzo. Mwenye kilo 60 akiongeza kilo 3 ndani ya mwezi wa kwanza, hiyo ni 5 kwa 100, na ni dalili kwamba ataendelea kuongezeka. Mwambieni daktari wakati huo, msisubiri kilo 15. Anaweza kubadili mpango au kuongeza metifomini, dawa ya kisukari. Sukari ya damu ipimwe asubuhi kabla hajala: sasa, tena baada ya miezi 3, halafu kila mwaka. Ikisoma 7.0 au zaidi akiwa hajala, irudiwe na apelekwe. Kiu isiyoisha, kukojoa kila saa na kukonda ghafla ni za kwenda hospitali siku hiyohiyo, msingoje miezi 3 ifike.

Choo kigumu wengi wanaona aibu kukitaja. Olanzapini inafunga choo, Artane ikirudi itaongeza. Siku 3 bila choo zisipite kimya. Maji, papai lililoiva, mboga za majani, kutembea. Ikishindikana, dawa ya kulainisha kutoka kituoni. Tumbo likivimba na akatapika, hapo si pa papai tena, mpelekeni.

Joto na jua. Dawa hizi zote zinapunguza uwezo wa mwili kujipoza, na zikichanganyika na Artane, inayokausha jasho, mtu anaweza kuzidiwa na joto shambani bila kuhisi. Kuanzia Oktoba, wakati wa kuokota korosho, afanye kazi mpaka saa 4 asubuhi, arudi tena kuanzia saa 10 jioni, na abebe maji yake. Kama kuna mtu hapa anatumia klopromazini, ile ya Largactil, jua la pwani linamuunguza ngozi haraka sana, kwa hiyo mikono mirefu na kofia pana. Kupuliza salfa kwenye mikorosho asifanye akiwa bado anasinzia.

Sigara umeitaja kwa kupita tu, lakini ni habari kubwa. Moshi unalifanya ini livunje olanzapini kwa kasi. Mvutaji anakuwa na dawa kidogo mwilini, na akiacha ghafla, ndani ya wiki moja dawa ileile inapanda, na usingizi unakuwa mzito. Hivyo akiamua kuacha, jambo zuri kabisa, daktari ajue kwanza. Kinachofanya hivyo ni moshi, tumbaku yenyewe haina kosa hilo, ndiyo maana ugoro hauna athari hiyo. Bangi ya kuvuta inavunja dawa vilevile, na zaidi inarudisha ugonjwa. Pombe, iwe uraka au gongo, ikichanganyika na olanzapini inamzimisha. Kuna hatari ya kutapika akiwa usingizini na kupaliwa. Diazepamu ya dukani kwa ajili ya “kumtuliza” usiku nayo ina hatari hiyohiyo ikiongezwa bila daktari.

Dawa nyingine za kutaja kliniki: karbamazepini, kama ana kifafa, inapunguza nguvu ya olanzapini. Na akiugua malaria, aliyempima aambiwe anatumia nini kabla ya kupewa mseto, kwa sababu baadhi ya dawa za akili na ile ya mseto zinagusa mapigo ya moyo kwa namna moja. Hii si sababu ya kuacha kutibu malaria. Ni sababu ya kusema.

Kwa wanaofunga Ramadhani: olanzapini mara moja usiku inakaa vizuri baada ya futari. Artane ya asubuhi iingie wakati wa daku, na ya mchana mzungumze na daktari. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari mpaka daku.

Kwa dada zetu wanaosoma hapa wakiwa wamebadilishiwa kutoka sindano, haloperidoli au risperidoni kwenda olanzapini: dawa hizo za mwanzo mara nyingi hukatisha hedhi na wakati mwingine hutoa maziwa. Baada ya kubadilisha, hedhi hurudi, na uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi kabla hata hamjaona hedhi ya kwanza. Kama hamjapanga, tumieni uzazi wa mpango tangu siku ya kubadilisha.

Sasa hali ambazo hazingoji kliniki ya wiki ijayo.

Ya kwanza ni homa. Joto la zaidi ya 38, mwili umekaza kama ubao, jasho jingi, kuchanganyikiwa, mapigo ya kasi, mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa. Hapa kila homa inaitwa malaria, na hatari ipo hapo. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini hata kikisoma kwamba anayo, mwambieni mtoa huduma neno hili: “Anatumia dawa ya akili, na mwili umekaza.” Hii ni dharura, inaua, na ndiyo mahali pekee ninaposema msimpe tembe inayofuata mpaka aonekane na daktari. Kwa aliyechomwa sindano ya mwezi huchukua muda mrefu zaidi kupona, kwa sababu dawa haiwezi kutolewa kwenye nyama, kwa hiyo msikubali kurudishwa nyumbani na panadoli.

Ya pili ni shingo kupinda upande mmoja, macho kugeukia juu na kubaki huko, ulimi kutoka au kuwa mzito, taya kufunga. Hutokea zaidi ndani ya siku 5 za kuanza au kuongeza dawa, hasa haloperidoli, hasa kwa vijana wa kiume. Kwa mdogo wako uwezekano ni mdogo sasa, lakini mjomba akishinda na sindano ikarudishwa, mnaweza kuliona. Watu husema ni kifafa au ni majini. Mwenye tatizo hili huwa na fahamu zake zote, anawasikia, ameogopa tu na anaumia. Msimtie kijiko mdomoni. Kituo cha afya kinaweza kumchoma prometazini, 25 hadi 50 mg, na kwa kawaida ndani ya nusu saa shingo inarudi. Inaweza kurudia baada ya saa kadhaa, kwa hiyo msiondoke bila tembe za kuendelea nazo siku chache. Wazee wakitaka kumsomea dua, asomewe mkiwa njiani. Pumzi ikianza kukoroma au akashindwa kumeza mate, msisubiri gari la asubuhi.

Midomo kutafunatafuna na ulimi kuchezacheza bila yeye kujua ni jambo jingine. Huja baada ya miezi au miaka ya dawa za zamani, na wakati mwingine hujitokeza pale zinapoondolewa. Artane huizidisha. Si dharura, ila iandike kwenye daftari na uioneshe, kwa sababu ikikamatwa mapema ina nafasi nzuri zaidi ya kuisha.

Anzia palepale alipobadilishiwa dawa, maana ndiko faili lilipo. Mkishindwa kupata daktari wa akili, hospitali za rufaa za mikoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ndizo za kuombea rufaa, na kuna ya kanda pale Mitengo. Kama safari ni ngumu wiki hii, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu apimwe presha, mapigo, uzito na sukari, uandike namba hizo, kisha umwombe mtoa huduma apige simu alikoandikiwa dawa. Daktari akiwa na namba hizo na daftari anaweza kuamua habari ya Artane na propranololi kwa simu.

Na leo hesabu tembe zilizobaki. Zikifika 7 ndipo mwende kuchukua nyingine, msingoje 1, kwa sababu olanzapini huadimika na mtaambiwa mrudi Jumatatu. Wakikosa, ulizeni kwa maandishi mbadala ni nini na dozi gani. Olanzapini 10 mg haibadilishwi na haloperidoli 10 mg kwa kuwa namba zinafanana. Akikosa tembe ya usiku mmoja, anaendelea na ya usiku unaofuata, hamezi mbili. Akikosa siku 3 au zaidi, pigeni simu kliniki kabla ya kumrudisha kwenye 10 mg. Ukishampima uzito na kuisogeza tembe mpaka saa 1:30, rudi uandike hapa alama za miguu za siku 5, tutazisoma pamoja na tarehe ya sindano.